Kura ya Ufundi

Ngo. Ngo. Ngo.

Kijiko kikigonga kikombe cha bati. Aliyekuwa akipita kwenye korido ya ghorofa ya pili, hata kama hakujua darasa lile ni la nini, alijua kwamba humo ndani kuna mtu amekatwa kauli. Baada ya mlio huo kilifuata kicheko, au mguno, au viti kuburutwa, kisha sauti ya mwanamke isiyo na hasira: "Muda umekwisha. Hoja iliyochelewa haikufika."

Lilikuwa darasa la uandishi. Mwalimu aliyelifundisha hakuamini kwamba mtu anaweza kufundishwa kuandika akiwa ameinamia karatasi peke yake kama anayetafuta sindano. Jumanne walibishana, Alhamisi waliandika. Walibishana juu ya dini, juu ya mema na mabaya, juu ya sheria, yale mambo ambayo majumbani mwao waliambiwa wanyamaze wakubwa wakizungumza. Mada aliileta mwanafunzi mwenye zamu. Upande hukuchagua. Ulitia mkono ndani ya kikombe kilekile cha bati, ukatoa kikaratasi kilichokunjwa, kikakwambia wewe ni "ndiyo" au wewe ni "hapana". Na Alhamisi uliandika insha ya kutetea upande ulioupinga Jumanne.

"Anayeweza kutetea anachokiamini tu," mwalimu aliwaambia kila mwaka, "huyo ni muumini. Aende akasali, Mungu atamsikia. Mimi hapa nafundisha waandishi."

Mwisho wa mdahalo mikono ilinyooshwa. Kura zikilingana, mwalimu aliamua, na kura yake alikuwa ameipa jina: kura ya ufundi. Hakumpa aliyesema kweli. Alimpa aliyesema vizuri. Alijivunia kura hiyo. Alisema inawaponya vijana ugonjwa wa kudhani kwamba kuwa na haki kunatosha.

Aliyeipata mara nyingi kuliko wote ni Shangazi.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Walimwita hivyo kwa kuwa aliwazidi umri kwa mbali. Asubuhi alikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, mchana akaja chuoni na mkoba wake mkubwa, akiwa bado ananuka dawa ya kusukutua. "Nawajua waongo wote wa mji huu," alipenda kusema. "Kila mmoja nimemsikia akimwambia daktari kwamba anapiga mswaki usiku."

Na yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kubuni. Mifano ya kubuni ilikuwa ruksa mdahaloni, na ya kwake watu waliikariri hadi mkahawani. Alikuwa na mjomba aliyemshtaki mbuzi kwa kula hati ya kiwanja. Alikuwa na shemeji aliyekataa kula kiapo mahakamani kwa kuwa ameshiba. Akibuni alitembea: anakwenda hadi dirishani, anarudi, anazunguka meza, mikono inapaa, na darasa linamfuata kwa macho kama watu wanaoangalia mpira. "Shangazi, huyo mjomba yuko hai?" wangemuuliza. "Yupo, ila mbuzi amekata rufaa."

Wiki hiyo zamu ya kuleta mada ilikuwa yake. Aliiandika ubaoni kwa chaki, herufi kubwa, bila utani: *Ahadi aliyopewa mtu anayekufa lazima itimizwe, hata ikiwaumiza walio hai.*

Hakuna aliyejua kwa nini.

Mama yake alikuwa amelazwa. Daktari alikuwa ameacha kusema "akipona" na kuanza kusema "tumwangalie". Siku moja mama alimshika Shangazi mkono, kwa nguvu ambazo hazikutarajiwa katika vidole vile, akamwambia: "Nikifa usimwite mdogo wako. Asije kuniona, asikanyage ndani kwangu. Niahidi." Mdogo wake alibadili dini siku alipooa, na mama aliufunga mlango siku hiyohiyo. Shangazi aliahidi. Aliahidi jinsi watu wanavyoahidi pembeni ya kitanda, ili mgonjwa alale.

Tangu hapo simu ilikuwa kama kaa la moto mkobani mwake. Mdogo wake alikuwa mji wa mbali, hajui hata kwamba mama anaumwa. Kumpigia ni kumsaliti mama. Kutompigia ni kumwibia ndugu yake mama. Kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumuuliza, aliamua kuliuliza darasa. Alijiwekea moyoni: "hapana" ikishinda leo, jioni nampigia.

Alitia mkono kikombeni akiomba atoe "hapana". Akatoa "ndiyo".

Angeweza kulegeza. Lakini mtu hawezi kujiangusha mwenyewe kisha aamini kwamba kaangushwa. Alitaka kupigwa na hoja ya kweli, aanguke chini kihalali, ainuke akiwa huru. Basi akatetea kwa nguvu zake zote.

"Kila dini mnayoijua inasema waheshimu wazazi," alianza. "Hakuna iliyosema waheshimu wakiwa wazima tu. Aliye hai ukimkosea atakudai, atakununia, atakusema kwa majirani. Aliyekufa hana mdomo. Ahadi yake inalindwa na nani kama si wewe uliyeitoa? Ahadi ni deni, na huyu ni mdai asiyeweza kubisha hodi." Akanyamaza kidogo. "Nina mama yangu. Amelala kitandani, mifupa imebaki. Kaniambia nisimwite mdogo wangu. Kaniapisha. Niambieni, nani kati yenu atakwenda kuutoa mkono wake kwenye mkono wangu?"

Darasa likacheka. Lilicheka kwa mapenzi, jinsi linavyocheka kila siku.

"Kwanza mjomba, leo mama!" mmoja akapiga kelele nyuma. "Ukoo wako hauishi, Shangazi?"

"Na mbuzi naye kaapishwa?"

Shangazi alitabasamu, kwa kuwa uso wake ulishazoea. Lakini hakutembea. Alisimama nyuma ya kiti, ameshika mgongo wake kwa mikono miwili, wala hakusogea hata hatua moja tangu alipoanza hadi alipomaliza. Mwalimu aliliona hilo. Aliliona vizuri kabisa. Pembeni ya jina la Shangazi akaandika: *Utulivu umeongezeka. Hongera.*

Akainuka Wakili. Naye hakuwa wakili. Alikuwa kijana mwembamba aliyetaka kuwa wakili, na aliyeamini kwamba amekwisha kuwa. Upande wa "hapana" ulikuwa wake.

"Shangazi yangu mpendwa," alisema, "tukupeleke mahakamani. Ahadi yako ina shahidi? Hayupo. Ina maandishi? Hayapo. Sheria itakuangalia hivi," akakodoa macho, watu wakacheka, "ikuambie nenda nyumbani mama. Tuje kwenye maadili. Ahadi ni nini? Ni kamba kati ya watu wawili. Mmoja akishaondoka, wewe umeshika kamba upande huu, upande wa pili kuna nini? Na kamba hiyo umemfunga nayo nani? Mtu wa tatu, ambaye hakuulizwa!" Hapo akainua kidole, maana alikuwa mtu wa mashairi na hakuweza kujizuia:

"Marehemu kishahama, hana kiu hana njaa;
mwenye kiu ni mzima, mlangoni amekaa."

Darasa likapiga meza. Shangazi alikaza mikono kwenye kile kiti. Kama kuna aliyemwangalia wakati huo, angeona mtu anayesubiri kwa hamu apigwe pigo la mwisho. Wakili alivuta pumzi. "Na jambo moja la mwisho, kubwa kuliko yote. Huyu mama aliyekuapisha, Shangazi, huyu mama—"

Ngo. Ngo. Ngo.

"Muda, Wakili."

"Mwalimu, sentensi moja tu!"

"Hoja iliyochelewa haikufika."

Akakaa, amenuna. Mikono ikanyooshwa. Ikahesabiwa, ikahesabiwa tena. Zilikuwa sawa.

Sasa kuna jambo ambalo mwalimu alilijua na darasa halikulijua. Alikuwa upande wa Wakili. Mumewe alipofariki aliacha wasia wa mdomo, wa hasira, kuhusu binti yao mkubwa; mwalimu aliupuuza na hakuwahi kujuta hata kwa nukta. Moyoni mwake mada ile haikuwa na mjadala. Lakini hakuna aliyemuuliza anaamini nini. Aliulizwa nani kasema vizuri zaidi.

"Kura ya ufundi," alisema, "ni ya Shangazi. Kwa ule mfano wa mama. Ulikuwa na uzito, na haukuzidishwa chumvi. Jifunzeni."

Makofi. Shangazi aliinama kushukuru, na alipoinuka uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Alimsubiri mwalimu mlangoni. Mwalimu alikuwa na madaftari kifuani, funguo mdomoni, anahangaika na kitasa ambacho siku zote kilikuwa kibovu.

"Mwalimu, ile kura. Uliipiga kwa moyo?"

Mwalimu alitoa funguo mdomoni, akacheka. "Unaijua kura yangu wewe. Ya ufundi."

"Kwa hiyo unaamini nini?"

"Ninachoamini mimi si kazi yako, Shangazi. Kazi yako ni Alhamisi. Kaandike upande wa pili. Mtetee huyo mdogo wako wa kubuni."

"Upande wa pili siuwezi, mwalimu."

"Utauweza. Usiku mwema."

Ilikuwa bado mchana. Alisema usiku mwema kwa kuwa akili yake ilikuwa kwenye kitasa.

Alhamisi Shangazi hakuja. Jumanne iliyofuata hakuja. Kiti chake kilibaki wazi, na mjomba na mbuzi wake vilevile hawakutajwa. Jumanne hiyo walikuwa wabishane juu ya adhabu ya kifo, na mwalimu alikuwa ameshika kikombe chenye vikaratasi Wakili alipoingia akiwa amechelewa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Nilipitia kliniki ya meno kumuulizia," alisema, amesimama mlangoni. "Shangazi amefiwa na mama yake. Wameshazika."

Mtu mmoja akaguna kwa huzuni. Mwingine akasema, "Masikini, mama yake yupi? Si yule wa..." Akaishia hapo.

"Yuleyule," Wakili alisema. "Yule wa mfano."

Mwalimu aliweka kikombe mezani. Aliona mikono miwili imeshika mgongo wa kiti. Aliona maandishi yake mwenyewe: hongera.

Hawakubishana siku hiyo. Watu walitoka mmoja mmoja, Wakili akabaki nyuma anapanga viti visivyohitaji kupangwa.

"Ulikuwa unataka kusema nini?" mwalimu aliuliza. "Nilipokugongea."

Wakili hakugeuka. "Nilitaka kusema kwamba mama aliyekasirika si mama mzima. Ni kipande cha mama. Ukikitii kipande kimoja, umewaasi mama wengine wote waliobaki ndani yake." Akasukuma kiti chini ya meza. "Ni sentensi tatu. Nilikudanganya, niliposema moja."

"Ilikuwa hoja nzuri."

"Ilikuwa hoja iliyochelewa, mwalimu," alisema kijana, na hakusema kwa heshima.

Kesho yake mwalimu alikwenda. Ilikuwa nyumba ndogo mwisho wa mtaa, ukuta wake umepakwa rangi nusu, kana kwamba mpakaji aliitwa katikati ya kazi na hakurudi. Waombolezaji wengi walikuwa wamekwisha ondoka. Nje, pembeni kabisa ya mlango uliokuwa wazi, mwanamume alikaa kwenye kiti cha plastiki, begi la safari kati ya miguu yake. Alikuwa na paji la uso la Shangazi, pana, na macho yake. Mlango ulikuwa wazi na yeye yuko nje.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Pita tu, mama. Dada yuko jikoni."

"Na wewe huingii?"

Aliangalia kizingiti kama mtu anavyoangalia mto. "Sijaruhusiwa."

Jikoni Shangazi alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha takata. Alipomwona mwalimu alifuta mikono, wakakumbatiana, na kwa muda hakuna aliyesema chochote cha maana. Pole. Nimeshapoa. Mungu amlaze pema. Kisha Shangazi akarudi kwenye sufuria.

"Nilimpigia baada ya kuzika, nikamweleza na kile kiapo," alisema. "Amefika, ardhi haijakauka. Tangu juzi amekaa pale nje. Analala kwa jirani, asubuhi anarudi kitini. Anasema mama alikataa asikanyage ndani, na yeye hatakanyaga. Ametii kuliko mimi."

"Shangazi, mimi sikujua. Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Mimi ndiye niliyewazoesha." Akatabasamu kidogo. "Mwongo hata nyumba yake ikiungua, jirani hukaa anangoja sehemu ya kuchekesha."

Mwalimu alivuta kigoda akakaa.

"Kuna jambo," Shangazi aliendelea, sauti imeshuka. "Siku ya mwisho mama fahamu zilikuwa zinakuja na kuondoka. Akafumbua macho, akaniuliza, 'Mdogo wako amekula?' Hivyohivyo. Kama zamani tukitoka shule. Nikamwambia, amekula mama. Akafumba macho. Hakusema kingine." Sufuria ilisimama mikononi mwake. "Ndipo nikajua kwamba hasira yote imekwisha, imebaki njaa ya mtoto. Na mimi nilikuwa sijampigia. Sasa sijui nimwambie au nisimwambie. Nikimwambia nitamuua, kwamba mama alimtaja na yeye hayupo kwa sababu yangu. Nisipomwambia atakaa pale nje maisha yake yote. Wewe ndiye mwenye kura, mwalimu. Piga."

"Hapana," mwalimu alisema. "Sipigi kura. Nakwambia ninachoamini. Mwambie."

Shangazi aligeuka akamtazama. "Na Jumanne ile? Uliamini nini?"

Mwalimu angeweza kusema hakumbuki. Alikuwa stadi wa maneno, na maneno yalijileta yenyewe, mazuri, yamepangana. Aliyaacha yapite.

"Niliamini umwite."

Maji yalidondoka bombani, tone moja moja.

"Ungeniambia pale mlangoni," Shangazi alisema taratibu, "ningempigia kabla sijafika getini. Angefika. Mama alikaa siku kadhaa baada ya hapo. Angefika akamlisha kwa mkono wake." Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma bei dukani. "Neno moja tu, mwalimu. Nilikuuliza."

"Uliniuliza," mwalimu alisema. Miaka yote aliwafundisha vijana kwamba kila upande una utetezi, na sasa alikaa kwenye kigoda akiutafuta wa kwake, na haukuwapo.

Shangazi alipakua chakula kwenye sahani, akakifunika, akatoka nje. Mwalimu alimfuata hadi sebuleni, akasimama hapo, ndani ya kizingiti.

"Kula," Shangazi alimwambia mdogo wake.

"Sina njaa, dada."

"Mama aliniuliza kama umekula." Akamweleza. Hakuongeza, hakupunguza. Macho kufumbuka, swali, jibu, macho kufumba.

Mdogo wake alisikiliza, sahani imetulia magotini. Kisha akatikisa kichwa, na kwenye midomo yake kikaja kitu kama kicheko, kibaya kuliko kilio.

"Dada, umeanza."

"Nimeanza nini?"

"Kutunga. Unanitungia ili niingie ndani. Tangu utotoni wewe ni huyohuyo. Baba alipoondoka si uliniambia amekwenda kuninunulia baiskeli? Nilimsubiri getini na pampu mkononi." Akashusha sahani chini. "Usinitungie mama yangu. Tafadhali."

Mwanamke aliyemtetea mjomba dhidi ya mbuzi hakuwa na shahidi, wala maandishi, wala mfano.

Mdogo wake aliinua macho akamwona mwalimu. "Wewe mama ndiye unayemfundisha. Unamjua. Amebuni, hajabuni?"

"Sikuwapo," mwalimu alisema. "Ushahidi sina." Aliweka mkono kwenye fremu ya mlango. "Lakini dada yako akibuni, hutembea. Darasa zima linajua, anatumaliza shingo. Jumanne ile alipotuambia habari za mama yenu alisimama kama nguzo. Nililiona, nikamsifu badala ya kumuuliza. Ni mimi niliyempa ushindi asioutaka, ndiyo maana hukuitwa. Sasa hivi alipokuwa akikueleza nilikuwa namwangalia miguu." Akaionyesha kwa kidole. "Hajasogea, mwanangu. Nami namwamini. Hukuniuliza kama amesema vizuri."

Mwanamume aliangalia miguu ya dada yake. Kandambili mbili, moja ina kamba iliyoshonwa, zimetulia juu ya saruji. Aliziangalia muda mrefu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akajifunika uso, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto aliyeshika pampu getini.

Shangazi alichuchumaa, akamshika viganja. Mwalimu aligeuza uso ukutani. Hapakuwa na kitu cha kuangalia huko ila rangi, ambayo hata humo ndani iliishia nusu.

Kilio kilipopungua, mdogo wake alisema kutoka ndani ya viganja, "Ulimwambia nimekula."

"Nilimwambia umekula."

"Nilikuwa sijala, dada. Tangu aliponifungia mlango sijala chakula cha kwetu."

"Najua."

Akachukua sahani, akasimama nayo. Hakuvuka. Alisimama mbele ya kizingiti, chakula mkononi, kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Alikuapisha ukaapa," alisema. "Ukashika kiapo chake hadi amekwenda. Basi na mimi niapie. Mimi sifi, ni mzima, nitakudai. Niahidi."

Shangazi aliinuka. Alitaka kumfuta mdogo wake shavu, akauzuia mkono. Alisimama wima mbele yake, miguu pamoja, bila kusogea hata kidogo, ili aone.

"Nakuahidi, mdogo wangu. Sitakufungia tena mlango kwa neno la mtu, awe amekufa au yu hai. Na sitakutungia kitu tena, hata cha kukuchekesha."